Mgonjwa Haulizwi Uji: Nani Anaupika?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake haina fumbo: aliyelala kitandani hahojiwi kama anahitaji chakula, bali huletewa. Katika hospitali zetu nyingi za umma methali hii tumeigeuza. Mgonjwa haulizwi uji kwa sababu hakuna aliyeandikiwa wajibu wa kuupika. Daktari anauliza kuhusu maumivu, muuguzi anauliza kuhusu choo na joto la mwili, karani wa malipo anauliza kuhusu kadi ya bima. Swali la uji limeachiwa dada, mke au mama mzazi, ambaye saa hiyo yuko kituo cha basi amekumbatia kikapu, akihesabu kama nauli iliyobaki itamfikisha wodini na kumrudisha.

Hoja yangu ni hii. Kwa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya chakula, yaani umio, mfuko wa chakula, utumbo mwembamba au utumbo mpana, chakula ni sehemu ya matibabu sawasawa na dawa ya usingizi, uzi wa kushonea na antibayotiki. Dola inayogharimia kisu na uzi, kisha ikaukimbia uji, imefanya nusu ya kazi, na mara nyingi nusu hiyo huharibika kwa kukosa mwenzake. Hili si suala la upishi, wala si la huruma. Ni suala la siasa kwa maana yake ya asili: nani anapata nini kutoka katika mfuko wa wote, na nani anaambiwa akajitafutie.

Naandika nikiwa Mapinga, wilayani Bagamoyo. Kata yetu iko kandokando ya barabara ya Bagamoyo, mara tu unapoipita Bunju na kuuacha Mkoa wa Dar es Salaam. Kiutawala sisi ni watu wa Pwani: hospitali ya wilaya iko Bagamoyo mjini, na ya rufaa ya mkoa iko Tumbi, Kibaha, upande mwingine kabisa. Kimaisha tunaegemea Dar es Salaam, na tumbo likihitaji upasuaji mkubwa, mtu wetu huishia Mwananyamala, Muhimbili au Mloganzila. Ndugu anayetaka kumpelekea mgonjwa chakula cha asubuhi lazima awashe jiko usiku wa manane, apande basi la Makumbusho alfajiri, aunganishe jingine, afike kabla saa ya kuwaona wagonjwa haijafungwa. Akitaka kupeleka na cha mchana, hana muda wa kurudi nyumbani kupika. Atanunua chochote kinachouzwa nje ya geti. Cha jioni, Mungu anajua. Familia nyingi hufika mahali zikalazimika kuchagua: pesa hii iwe nauli au iwe samaki? Ikiwa nauli, mgonjwa anaona ndugu lakini haoni chakula. Ikiwa samaki, samaki hana wa kumfikisha.

Sasa tuuangalie mwili wenyewe, maana siasa isiyojua mwili unavyofanya kazi huishia kuwa kelele.

Upasuaji mkubwa ni jeraha. Mwili uliojeruhiwa huanza kuvunja akiba yake: misuli huyeyushwa ili protini yake itumike kujenga tishu mpya na kuimarisha kinga. Mshono wa utumbo haushikiliwi na uzi peke yake. Uzi hushikilia kwa siku za mwanzo tu. Baada ya hapo kinachoushikilia ni kolajeni, ambayo mwili huitengeneza kwa protini, na hauwezi kuitengeneza ipasavyo bila vitamini C. Mgonjwa asipopata malighafi hizo, kidonda cha nje hukawia kufunga na hushikwa na usaha kirahisi. Mshono wa ndani ukiachia, kilichomo utumboni humwagikia tumboni, na mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji akiwa dhaifu kuliko alivyoingia mara ya kwanza.

Tufanye hesabu ndogo. Mwongozo wa chama cha lishe ya tiba cha Ulaya unaelekeza kwamba mgonjwa wa upasuaji apate kilokalori 25 hadi 30 na gramu 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60, kwa hiyo, anahitaji kati ya kilokalori 1,500 na 1,800, pamoja na gramu 90 za protini. Chupa ya dripu ya glukozi ya asilimia 5, ujazo wa lita moja, ina gramu 50 za sukari, ambazo hazizidi kilokalori 200. Haina protini hata chembe. Dripu ya chumvi haina nishati yoyote. Aliyetundikiwa lita mbili za glukozi kutwa nzima amepata takriban robo ya nishati anayoihitaji, na protini sifuri. Hata hivyo, nendeni katika wodi yoyote mkawasikilize ndugu: “Hajaanza kula, lakini analishwa kwa dripu.” Hakuna anayewasahihisha. Chupa inaning’inia, maji yanadondoka, na sote tunaridhika kwamba kuna kitu kinaingia. Kinachoingia ni maji, chumvi na sukari kidogo. Mwili unaendelea kujila.

Wapo watakaosema haya ni maarifa mapya, tuvumilie, tutayafikia. Si mapya. Mwaka 1936 daktari mpasuaji wa Marekani aitwaye Hiram Studley, aliyekuwa Cleveland, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya kupasuliwa, theluthi moja walifariki. Miongoni mwa waliopoteza chini ya hapo, vifo vilikuwa asilimia 3.5. Mizani na kalamu vilitosha kumwonyesha hayo, miaka 25 kabla Tanganyika haijapata uhuru.

Mwaka 2023 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliowafuatilia wagonjwa 5,709 waliopasuliwa kwa saratani ya utumbo mpana au ya mfuko wa chakula katika hospitali 381 za nchi 75. Mmoja kati ya kila watatu alikuwa na utapiamlo mkali. Katika nchi za kipato cha chini na kile cha kati cha chini, kundi ambalo Tanzania imo, walikuwa zaidi ya sita katika kila kumi. Utapiamlo huo uliongeza hatari ya kufa ndani ya siku 30 kila mahali, lakini katika nchi za kundi letu uliiongeza mara nyingi zaidi kuliko kwa matajiri. Njaa ileile, mshono uleule, lakini kwetu malipo yake ni maisha.

Na vifo hivyo hutokea wapi? Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha wagonjwa 11,422 katika nchi 25. Wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye hatari ndogo kuliko wa mabara mengine, lakini walikufa kwa kiwango mara mbili ya wastani wa dunia, na zaidi ya tisa katika kila kumi ya waliokufa walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita. Maana yake hawakufia chini ya kisu. Walifia wodini, mahali ambapo hakuna kamera, hakuna utepe wa kukata, na hakuna mgeni rasmi.

Hapa kwetu, madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 104 waliotobokewa na utumbo kwa sababu ya homa ya matumbo. Karibu robo yao walifariki. Sitasema njaa ndiyo iliyowaua. Kuchelewa kufika hospitali kulikuwa sababu kubwa, na uchafu uliokwisha kumwagika tumboni hausubiri mtu. Lakini mtu anayefika baada ya wiki kadhaa za homa amekwisha kukonda kabla hajaandikiwa faili. Anapasuliwa akiwa na akiba tupu. Mwili wa namna hiyo ukiachwa kwenye dripu siku tano, tunajua unaelekea wapi.

Nije kwenye kufunga kula. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza jinsi wanawake waliojifungua wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi walivyovuta matapishi mapafuni. Hatari hiyo ni ya kweli, na ndiyo asili ya amri ya kutokula kabla ya upasuaji. Lakini amri yenye sababu imegeuka kuwa mila isiyo na saa. Miongozo ya leo inaruhusu kwa wagonjwa walio wengi chakula kigumu hadi saa sita kabla ya kulazwa kwa dawa ya usingizi, na maji meupe hadi saa mbili kabla. Kwetu mgonjwa huambiwa asitie kitu kinywani tangu usiku, kisha zamu yake inafika alasiri, au haifiki. Umeme umekatika, damu haijapatikana, au dharura imeingia. Anaambiwa ni kesho. Wakati huo ndugu aliyekuja na chakula amekwisha ondoka, jiko la wodi halipo, na usiku anaambiwa tena asile. Siku mbili za njaa kwa mtu aliyekuja kupasuliwa utumbo, na hakuna aliyefanya uovu wowote. Kila mtu alifuata utaratibu.

Baada ya upasuaji mila nyingine inapokea zamu: asile mpaka atoe hewa chini. Kwa miongo mingi madaktari duniani waliamini hivyo, na si haki kuwacheka. Lakini mwaka 2001 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 11 zenye wagonjwa 837 waliofanyiwa upasuaji wa njia ya chakula. Mapitio hayo hayakuona faida ya wazi ya kumnyima mgonjwa chakula baada ya upasuaji. Kwa wengi, kuanza mapema, hata ndani ya siku ya kwanza, kulikuwa salama na kulielekea kupunguza maambukizi. Kuanzia miaka ya 1990 Henrik Kehlet wa Denmark alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mgonjwa anayekula mapema, anayeinuka mapema na anayetulizwa maumivu vizuri hurudi nyumbani haraka zaidi. Vyuo vyetu vinafundisha hayo. Vijana wanayajibu katika mitihani na kufaulu. Wakifika wodini wanakuta hakuna uji wa kuanzia mapema.

Naomba nieleweke. Sisemi kila aliyetoka chumba cha upasuaji apewe ubwabwa. Ambaye utumbo wake bado umeziba, ambaye shinikizo la damu halijatengemaa, anayetapika mfululizo, hao wana taratibu zao, na daktari ndiye mwenye kauli. Tena aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa ghafla anaweza kudhurika: fosfeti na potasiamu hushuka katika damu na moyo ukayumba. Lazima aanze kidogo kidogo, huku akipimwa. Lakini tafakari maana ya jambo hili. Kama kumlisha mgonjwa kunahitaji ujuzi kiasi hicho, kwa nini kazi hiyo tumeikabidhi kwa kikapu cha mama asiyeelezwa chochote?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa bodaboda, alitobokewa na vidonda vya tumbo. Alipasuliwa usiku, akaokolewa, na waliomwokoa wanastahili heshima. Aliporuhusiwa, mama yake aliniletea karatasi aliyopewa. Ilikuwa na majina ya dawa, tarehe ya kurudi kutolewa nyuzi, na mwishoni maneno matatu: “Ale mlo kamili.” Mama akaniambia, “Mwalimu, hebu nisomee vizuri. Huo mlo kamili ndio upi? Mimi nilikuwa nampa uji.” Ulikuwa uji mwepesi wa sembe, ambao kikombe chake kina gramu mbili tatu za protini. Mayai alikuwa amemkataza, kwa kuwa aliambiwa mayai yanatia usaha kidondani. Maharage alimkataza kwa sababu yanajaza gesi. Samaki alimkataza kwa sababu ya shombo. Kwa upendo mtupu, mama huyu alikuwa amemwondolea mwanawe karibu kila kitu ambacho kingeujenga mshono wake.

Sitaki mtu amcheke mama huyo. Yeye alijaza pengo kwa elimu aliyokuwa nayo, baada ya wenye elimu kuliacha wazi. Maneno “mlo kamili” si ushauri. Ni namna ya kumaliza karatasi. Ushauri ungesema: uji uwe wa ulezi au wa dona, ukorogewe maziwa au karanga zilizosagwa laini, mayai mawili au matatu kwa siku, hayatii usaha, dagaa waliosagwa wakapikwa na mboga, maana gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya gramu 50 za protini, choroko zilizoiva zikapondwa, parachichi, chungwa, pera, ale kidogo kidogo mara sita kwa siku badala ya sahani moja kubwa. Aliyetolewa utumbo mwembamba nje kwa mfuko angeambiwa kwamba anapoteza maji na chumvi kuliko wengine, na angeelezwa namna ya kuvirudisha. Ushauri huo unaenea ukurasa mmoja. Vyakula vyote nilivyovitaja vinapatikana kati ya Bunju na soko la samaki la Bagamoyo. Hatukosi chakula. Tumekosa mtu aliyelipwa kukitaja, na jiko lililopewa kazi ya kukipika.

Tuitazame sasa serikali, kwa haki. Nchi hii haikuidharau lishe. Mwaka 1973 ilianzisha kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe, wakati mataifa mengi ya bara hili hayakuwa na chombo cha aina hiyo. Halmashauri zina maafisa lishe. Mkataba wa Lishe uliosainiwa mwaka 2017 uliwabana viongozi wa mikoa, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni jambo jema, na mwenye kulibeza hajaona mtoto mwenye utapiamlo. Lakini tazama jicho la sera linatua wapi: kwa mtoto, kwa mjamzito, kwa anayenyonyesha. Mtu mzima aliyepasuliwa tumbo si mtoto wala si mjamzito. Kwa afisa lishe wa halmashauri, yeye ni wa hospitali. Kwa hospitali, chakula chake ni cha ndugu. Ameanguka katikati ya mafaili mawili.

Kwa upande wa upasuaji, tulikuwa na Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Nusukaputi wa 2018 hadi 2025, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani kuwa nao. Ulizungumzia huduma, miundombinu, wataalamu, fedha, taarifa na uongozi. Katika miaka hiyohiyo vituo vya afya vingi vilijengewa vyumba vya upasuaji. Sera ya uchangiaji iliyoanza mwaka 1993 ilikwisha kutuzoesha kuamini kwamba mgonjwa huja na chake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaahidi kututoa huko. Nawauliza watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, kwa kuwa ninyi ndio mnaoandika jedwali za bajeti: katika kitita cha mafao, chakula cha tiba kiko mstari wa ngapi? Afisa lishe wa wodi ya upasuaji analipwa kwa kifungu kipi? Kama jibu ni kwamba “ndugu wataleta”, basi bima hiyo itawahusu wote isipokuwa wasio na ndugu wa karibu.

Watu wa Bagamoyo tuna sababu ya pekee ya kuona haya katika jambo hili. Mwaka 1851 alizaliwa hapa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, Sewa Haji Paroo, aliyetajirika kwa misafara ya bara. Fedha yake ndiyo iliyojenga hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897, ambayo historia inaihesabu kuwa chimbuko la Muhimbili. Alifariki mwaka huohuo, akiwa ameacha wasia kuhusu majumba na mashamba yake: mapato yake yawahudumie wagonjwa wa ukoma na yagharimie chakula cha wagonjwa wa hospitali. Hakuwa mtakatifu, biashara ya misafara haikuwa kazi ya watakatifu. Lakini mtu wa karne ya 19, chini ya utawala wa Kijerumani, alielewa kwamba ukijenga hospitali lazima ufikirie sufuria. Sisi tuna Katiba, Bunge, wizara na vyuo vikuu, nasi tunabishana kama uji ni kazi ya umma.

Nitajibu pingamizi tatu.

La kwanza: serikali haina fedha. Chukua mayai matatu kwa siku kwa siku kumi. Ni mayai 30, yaani trei moja. Weka trei hiyo upande mmoja wa mizani. Upande wa pili weka upasuaji wa marudio, antibayotiki za gharama, damu, oksijeni, na kitanda ambacho mgonjwa mwingine alikuwa akikisubiri. Anayesema hakuna fedha ya trei ya mayai aeleze fedha ya huo upande wa pili hutoka wapi, maana hiyo tunailipa tayari, au anailipa mgonjwa kwa kuuza shamba. Njaa ya wodini haituokolei fedha. Inazihamisha tu kutoka kitabu kimoja hadi kingine, na kila zinapohama zinaongezeka.

La pili: kumhudumia mgonjwa ni utamaduni wetu, tusiige wazungu wanaowatelekeza wazee wao. Hapa undugu unatumiwa kama pazia. Utamaduni wetu ni kumtembelea mgonjwa, kumshika mkono, kumwombea dua, kumwogesha, kumsimulia habari za nyumbani. Hakuna utamaduni unaosema mvuvi aliyetoka Kilwa akapasuliwa Dar es Salaam abaki na njaa kwa sababu ndugu zake wako mbali. Hakuna mila inayosema mfanyakazi wa ndani asiye na mtu mjini aishi kwa makombo ya kitanda cha jirani, ingawa wagonjwa wetu, kwa ubinadamu wao, humega wanachopata na kumpa. Undugu ulikusudiwa kuongezwa juu ya haki. Haukukusudiwa kuziba nafasi yake. Na tuseme wazi undugu huu unabebwa na nani: ni wanawake wanaofunga genge, wanaoacha kibarua, wanaowatoa mabinti shule wiki mbili ili wapeleke vikapu. Mchango huo hauonekani katika bajeti yoyote, ndiyo maana wenye bajeti wanaupenda.

La tatu: chakula cha hospitali hakiliki, hata kikipikwa, watu watakimwaga. Inawezekana. Ugali mkavu na maharage yenye mawe si chakula cha mtu aliyeshonwa utumbo. Lakini ukiona barabara ina mashimo huifungi ukawaambia watu wapite porini. Unaitengeneza. Jiko likiwa na afisa lishe mwenye kauli, mpishi aliyefunzwa na mzabuni anayewajibishwa, litapika chakula kinacholika.

Ninachodai kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja.

Kila anayelazwa kwa upasuaji wa tumbo apimwe uzito, azungushiwe utepe wa mkono, na aulizwe maswali mawili: umekonda katika miezi ya karibuni, na umekuwa ukila kiasi gani? Majibu yaandikwe kwenye faili kama linavyoandikwa shinikizo la damu. Ambaye upasuaji wake unaweza kusubiri na amekonda mno, alishwe kwanza.

Saa za kufunga kula ziandikwe ukutani, na upasuaji ukiahirishwa, wodi iwe na wajibu wa kumlisha mgonjwa saa ileile.

Kila hospitali inayofungua matumbo ya watu iwe na jiko linalopika vyakula laini vyenye protini ya kutosha, kwa gharama ya umma na bima. Inunue mayai, maziwa, choroko na samaki kwa wazalishaji wa karibu. Wafugaji wa Mapinga na wavuvi wa Bagamoyo hawahitaji kusafiri mbali kupata soko.

Kila mgonjwa aruhusiwe akiwa na karatasi inayotaja vyakula kwa majina, kwa Kiswahili, na ndugu aelezwe ana kwa ana. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wapewe orodha ya waliotoka upasuaji katika mitaa yao, wawapitie na mizani.

Wanaharakati, mmekuwa hodari wa kuhesabu vitanda, dawa na madaktari. Hesabuni na sahani. Wanafunzi wangu wa sera za umma, mnaotafuta mada za utafiti kila mwaka, nendeni wodini mkapime pengo kati ya anachohitaji mgonjwa na anachokula. Tasnifu moja ya namna hiyo itakuwa na faida kuliko kumi kuhusu utandawazi. Nanyi mlioko wizarani, Mpango wa Upasuaji wa 2018 hadi 2025 umefikia ukingo wake, na utakaofuata utaandikwa na baadhi yenu. Waswahili husema adui mwombee njaa. Mkiandika mpango mwingine wenye vyumba vya upasuaji, taa, mashine na mabingwa, lakini usio na jiko, mtakuwa mmewaombea njaa wananchi walewale mliokusudia kuwaponya. Andikeni jiko. Liwekeni kwenye kifungu chenye namba na fedha, chini ya jina la ofisa mmoja anayeweza kuulizwa.